Orodha ya Mzee Laini

Albamu ya sabini na moja ilikuwa na nyimbo tisa, na mke wa mtangazaji alizisikiliza zote bila kuvua spika za masikioni. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, mgongo kwa mashine, gauni la mteja likiwa mapajani halijatiwa pindo. Mumewe alikaa mbele yake, daftari mkononi, macho kwenye midomo yake.

"Haya," alisema mke alipomaliza, akatamka taratibu kama alivyozoea. "Inaanza na kinanda peke yake. Kama mtu anayeingia chumba chenye mgonjwa."

"Halafu?"

"Halafu saksafoni. Ile ndogo, inayolilia puani."

"Soprano." Mume akaandika. "Anapiga vipi?"

"Anapendeza mpaka anachosha. Umewahi kukutana na mtu anatabasamu, anatabasamu, mpaka unatamani kumwuliza, ndugu, una shida gani? Ndiyo huyo."

Mume akacheka, akaandika: *Uzuri uliozidi haja.* Maneno hayo yangesomwa hewani Jumapili, kwa ile sauti nzito isiyo na haraka, na wasikilizaji wangeambiana kwamba Mzee Laini hana mpinzani.

Mzee Laini ndilo jina walilompa, kwa sababu ya jazz laini aliyoipiga redioni kila Jumapili alasiri kwa miaka ishirini na sita. Sikio lake la kulia lilikuwa limekufa miaka mitatu iliyopita, na la kushoto lilikuwa njiani. Besi na ngoma bado alizipata, tena kwa kifua zaidi kuliko kwa sikio. Saksafoni ikipanda ngazi mbili tatu, inatoweka. Kifaa cha kusaidia kusikia alikuwa nacho, kimelala kabatini chini ya soksi. Kilipovaliwa, muziki uligeuka kelele za makopo, tena kilionekana. Studioni mambo yalikuwa rahisi. Kila mtu pale huvaa spika masikioni, na fundi mitambo huonyesha kwa kidole wakati wa kuanza na wakati wa kunyamaza. Simu za wasikilizaji alikuwa ameziondoa kwenye kipindi mwenyewe, akasema zinauharibu muziki.

Kilichobaki kilikuwa kusikiliza, na hicho alikifanya mkewe.

Yeye hakuwa mtu wa jazz. Alipenda kushona kwenye kimya. Mwaka huo alikuwa amesikiliza albamu moja baada ya nyingine, asubuhi kabla wateja hawajaja na jioni baada ya kupika, mpaka akaanza kuwa na wapenzi wake na watu asiowataka. Alimpenda mpiga besi mmoja mzee aliyetoa albamu iitwayo *Mvua Isiyo na Haraka*. Aliwachoka vijana wanne wa *Hoteli ya Dhahabu*, akisema wanapiga kama watu wanaosubiri kulipwa. Na tangu mwezi wa saba hakuweza kuacha kuisikiliza *Chumba cha Pili*, ya mwanamke aliyejirekodi nyumbani kwake, akipiga saksafoni huku kwa mbali, kwenye wimbo wa tano, mtoto akiita.

"Hiyo iwe ya kwanza," alikuwa amesema.

"Ya kwanza? Haina hata mpangilio. Unaniambia pumzi zinasikika!"

"Ndiyo. Zinasikika. Iwe ya kwanza."

Kila mwisho wa mwaka Mzee Laini alitangaza albamu kumi alizozipenda kuliko zote. Wauzaji waliisubiri orodha hiyo, wanamuziki hawakulala. Na mwaka huu, baada ya miezi kadhaa ya kipindi, gazeti moja lilikuwa limeshaandika kwamba Mzee Laini ameanza kusikiliza kwa masikio mapya. Mkewe aliisoma habari hiyo, akaikunja, akaipimia kola ya shati.

Simu ililia pale pale walipokuwa wamekaa. Mume hakugeuka. Mke akaipokea, uso akiuelekeza kwenye cherehani.

"Mama." Alikuwa binti yao, aliyeolewa mji wa mbali, safari ya basi ya kutwa nzima. Mimba yake ya kwanza ilikuwa na miezi saba. "Presha imepanda tena. Daktari amesema nilale tu, nisiinue hata ndoo. Na mwenzangu kazini wamemnyima ruhusa. Nipo peke yangu tangu asubuhi mpaka jioni. Njoo, mama."

"Nakuja, mwanangu. Baba yako akimaliza orodha tu."

"Orodha gani?"

"Ya nyimbo zake. Za mwaka."

"Mama, baba anahitaji msaada gani kuchagua nyimbo?"

Mke akatazama sindano ya mashine. Alikuwa ameapa. Hakuna aliyejua, hata mtoto waliyemzaa.

"Ana mambo mengi. Ni siku kumi na mbili tu. Jumatatu yake niko kwako."

"Sawa," alisema binti, kwa sauti ya mtu ambaye si sawa.

Mke alipogeuka, mume alikuwa anamtazama kwa upole. "Nani huyo?"

"Mtoto wako. Anakusalimu."

"Hajambo?"

"Hajambo."

Akavaa tena spika za masikioni. Angeweza kumwambia. Lakini angemwambia ingebidi mume achague, kati ya orodha na mtoto, na yeye aliogopa kukaa pale na kuona atakachochagua.

&nbsp;

Bosi wa vipindi alikuwa mwanamke aliyefundishwa kazi na Mzee Laini mwenyewe, tangu siku ambazo hakujua maiki inawashwa wapi. Sasa alikuwa na ofisi yenye dirisha kubwa, na kiti chake kililipa mgongo dirisha hilo. Mzee Laini alikichukia kiti kile. Mwanga wa nje uliugeuza uso wa bosi kuwa kivuli, na kivuli hakina midomo.

"Mzee wangu, mwaka huu orodha tunataka tuichangamshe," alisema bosi. "Mdhamini ameshakubali. Saa tatu nzima, moja kwa moja, na simu tunafungua."

"Simu?"

"Simu. Na ule mchezo wako wa zamani, wa kumtambua mwanamuziki kwa pumzi. Watu bado wanausimulia. Msikilizaji anapiga simu, fundi anaweka sekunde tatu tu za albamu mojawapo ya zile kumi, unamtaja mwanamuziki. Ukikosa, msikilizaji anapata zawadi."

Kati ya maneno hayo alidaka simu, zamani, pumzi na zawadi. Kisha bosi akainuka kwenda kwenye birika la chai lililokuwa kabatini, akampa mgongo, na akaendelea kusema. Alisema kwa muda mrefu. Mzee Laini aliyatazama mabega yake yakipanda na kushuka, akatikisa kichwa pale alipodhani panafaa.

Bosi akageuka na vikombe viwili. "Au siyo, mzee?"

"Naam. Vizuri kabisa."

"Kwa hiyo una amani?"

Hilo alilisoma. "Nina amani, mwanangu."

Bosi alimtazama kwa muda uliozidi kidogo ule wa kawaida, akatabasamu. "Nimefurahi. Nilidhani utakasirika."

Akanywa chai yake ikiwa ya moto, ili aondoke.

Siku tatu baadaye ndipo alipojua alichokikubali. Alikikuta ukutani, kwenye lango la kituo: bango refu kama mtu, na picha yake ya miaka kumi iliyopita, nywele bado nyeusi. PUMZI MOJA TU, liliandikwa. MZEE LAINI ANAMTAMBUA. JUMAPILI, MOJA KWA MOJA, PIGA SIMU USHINDE. Alisimama pale mpaka mtu aliyekuwa analibandika akamshika bega na kumsukuma pembeni. Mdomo wa mtu yule ulikuwa umekasirika, maana yake alikuwa amesema zaidi ya mara moja.

"Mzee, unakanyaga gundi! Huna masikio?"

"Samahani," alisema Mzee Laini, kwa sauti ile ile ambayo nchi nzima iliijua, na mtu wa gundi akaacha mdomo wazi.

&nbsp;

Nyumbani alilichora bango kwenye daftari kwa sababu alishindwa kulisema. Mkewe akasoma, akaliweka daftari juu ya meza kama kitu chenye ncha.

"Kawaambie."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba husikii. Ni neno moja."

"Mkataba unaisha mwezi huu. Imebaki miezi kumi na minne nistaafu. Kumi na minne! Nikiwaambia leo, kesho wanamweka kijana anayechekacheka, mimi narudi hapa kukaa na wewe na hiyo mashine."

"Na mashine hii ina ubaya gani?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema." Akaanza kukunja nguo za wateja, moja juu ya nyingine, haraka. "Miaka mitatu naongea na wewe uso kwa uso kama polisi na mwizi. Siwezi kukuita ukiwa chumbani. Siwezi kukuambia neno taa zikizimwa. Kanisani nakukanyaga mguu uamke, msibani nakufinya uitikie. Mimi nimechoka, baba. Na mtoto anaumwa."

Mume aliliona neno la mwisho, akadhani amelisoma vibaya. "Nani anaumwa?"

"Mtoto. Presha. Amelazwa kitandani kwake, hana wa kumpa maji. Anataka niende."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita. Alipiga simu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa naongea naye hapa hapa." Akaonyesha kiti. "Ulikuwa umekaa hapo. Unanitazama."

Mzee Laini akakitazama kiti kana kwamba kulikuwa na mtu amekikalia. Alitaka kusema: nenda, nenda leo. Mke alikuwa anasubiri aseme hivyo. Hata mikono yake ilikuwa imeacha kukunja. Nje pikipiki ilipita, na yeye peke yake ndiye aliyeisikia.

"Jumapili," alisema mume hatimaye. "Nisaidie mpaka Jumapili. Kipindi kikiisha tu unapanda basi. Nitakupeleka stendi mwenyewe."

Mke akalivuta gauni, akakanyaga pedali, na cherehani ikalia mpaka jioni. Mumewe aliuhisi mtetemo wake sakafuni, kwenye nyayo, na ndio uliomwambia kwamba amekubali na kwamba amekasirika.

Kesho yake wakaanza mazoezi. Yeye angekaa chumba cha mitambo, upande wa pili wa kioo, kama mke aliyekuja kumtia mume moyo. Angesikia pumzi kwenye spika za ukutani, kisha angeweka vidole shavuni: kidole kimoja, albamu ya kwanza, viwili, ya pili, mikono miwili, ya kumi. Maneno ya wapigaji simu angeyarudia kwa midomo bila sauti. Walifanya mara mia. Mke alizitambua pumzi zote kumi, hata wakati akimenya viazi, na hakukosea hata mara moja. Mume akamwambia kwamba ana kipaji, na mke akasema kipaji hicho akimpata mtu wa kukibeba atampa bure.

&nbsp;

Jumapili saa nane mchana mke alikaa karibu na fundi mitambo, begi la safari miguuni. Fundi, aliyeitwa Waya na kila mtu kwa sababu ya wembamba wake, alimpa kiti chenye mto na kumwuliza kama anataka maji. Kijana huyo alikuwa na aibu fulani siku hiyo. Alishindwa kumtazama machoni, na mke akadhani ni heshima.

Mambo yalianza vizuri kuliko walivyotegemea. Namba kumi ilikuwa ya wapiga gitaa mapacha. Namba tisa, mzee wa tarumbeta aliyerudi baada ya miaka ishirini ya ukimya. Mzee Laini alizisoma sentensi za daftari, na kila sentensi ilikuwa ya mkewe, imevalishwa suti kidogo. Mke alizisikia zikitoka ukutani: *huyu anapiga kama mtu anayejua njia lakini anauliza tu apate wa kuongea naye.* Alikuwa amelisema hilo huku akiosha vyombo. Sasa watu wangelinukuu maofisini, na wala hakujua kama anaona fahari au anaibiwa.

Simu ya kwanza. Pumzi ikapita, fupi na kavu. Mke akaweka vidole vinne shavuni.

"Ndugu yangu," alisema Mzee Laini, akavuta muda kama zamani, "hiyo pumzi ni ya mzee wetu wa besi. Hapulizi kitu, lakini kabla ya kugusa nyuzi huvuta hewa kama mtu anayetaka kuinua gunia. *Mvua Isiyo na Haraka*."

Waya akagonga meza kwa furaha. Simu ya pili, sawa. Ya tatu, sawa. Kwa sekunde chache, macho yake yakiwa yamegandana na macho ya mkewe kwenye kioo, Mzee Laini alisahau kwamba hasikii.

Saa kumi kasoro dakika kumi simu ya mke ikatetemeka mapajani. Jina la mkwe wake. Akaiacha ikatike. Ikatetemeka tena. Akaipokea kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa bado karibu na shavu.

"Mama, wamemwingiza chumba cha upasuaji," alisema mkwe, na alikuwa analia. "Wamesema hakuna kusubiri. Wamenipa karatasi nisaini, mama, sijui hata nimesaini nini. Alikuwa anakuita."

Upande wa pili wa kioo mume aliona midomo ya mkewe ikisema neno moja. Upasuaji. Akaliona vizuri.

Wakati huo huo taa nyekundu iliwaka. Kulikuwa na mpigaji simu, mwanamke mwenye sauti nyembamba isiyofika popote kwenye sikio lake. Waya akaweka sekunde tatu. Pumzi ndefu, yenye kukwaruza kidogo mwishoni, ikajaza chumba cha mitambo. Ilikuwa ya yule wa *Chumba cha Pili*. Mke angeitambua hata usingizini. Kilihitajika kidole kimoja tu.

Alisimama. Akamtazama mumewe kupitia kioo, mkono ukiwa chini. Kisha akainama, akachukua begi, akatoka.

Redio ilinyamaza. Sekunde nne, tano. Waya alikuwa anaonyesha kwa mkono mzima upande wa kushoto, anaonyesha tena na tena, na Mzee Laini akafikiri anamwonyesha mlango aliotokea mkewe.

"Ndugu msikilizaji," alisema. "Sijasikia."

Waya akaonyesha kushoto tena.

"Sijaisikia pumzi hiyo. Sisikii. Huu ni mwaka wa tatu. Sikio moja limekufa na la pili linakufa. Hizi albamu sijazisikia hata moja. Aliyezisikiliza ni mke wangu, na orodha hii yote ni yake, na maneno ni yake. Sasa hivi ametoka, mtoto wetu yuko hospitali. Basi. Ndivyo ilivyo."

Alivua spika zake, akaziweka mezani. Alisubiri mlango ufunguliwe, aje mtu amshike mkono. Badala yake Waya alikuwa ameinamisha kichwa, na muziki ulikuwa unakwenda. Ndipo alipogeuka kushoto. Kwenye kona ya meza kulikuwa na kiskrini kidogo ambacho kwa miaka mingi kilionyesha saa za matangazo tu, naye aliacha kukitazama zamani. Kilikuwa na herufi kubwa kama za kumfundishia mtoto kusoma: jina la yule mwanamke wa saksafoni. NAMBA MOJA. CHUMBA CHA PILI. Chini yake ujumbe wa wasikilizaji ulikuwa unamiminika.

*Mzee Laini bwana, umenivunja mbavu!*

*Ameigiza kipofu wa masikio, hahaha.*

*Huyu mtu ni mshairi. Anamsifu mkewe mbele ya nchi nzima. Wanaume mjifunze.*

*Kwa hiyo yule dada ameshinda au hajashinda?*

Kulibaki dakika sabini za kipindi. Mzee Laini alikaa akisoma ujumbe huo mpaka Waya aliponyanyua kidole. Angeweza kuinuka na kutoka. Mlango haukuwa na kufuli. Akavaa spika, akafungua daftari, akasoma namba tatu.

&nbsp;

"Sasa ile ilikuwa nini?" aliuliza bosi kipindi kilipoisha. Safari hii alikaa upande wa huku wa meza, uso kwenye mwanga, na alitamka vizuri, kila neno peke yake. Hilo ndilo lililomshtua Mzee Laini kuliko swali lenyewe.

"Unajua," alisema.

"Mzee wangu, kila mtu anajua. Waya ndiye aliyeniambia, mwaka jana. Anakwambia jambo, unaitikia jambo jingine."

"Na hukusema."

"Niseme nini? Wewe ndiye uliyenifundisha kazi. Ningekuita hapa nikwambie baba, wewe kiziwi?" Akapunguza mwendo, macho yake yakalowa kidogo, na ni kweli yalilowa. "Halafu watu hawafungulii redio ili wewe usikie. Wanafungulia ili wakusikie. Siku ile nilikueleza, nikakwambia usiwe na wasiwasi, Waya atakuandikia majibu kwenye skrini. Ukasema una amani."

Mzee Laini alikumbuka mabega yakipanda na kushuka mbele ya birika.

"Mke wangu alikaa hapa wiki mbili," alisema. "Mtoto anamwita. Kwa ajili ya vidole."

"Vidole gani?"

Alimweleza. Alimweleza kila kitu, albamu sabini na kitu, kiti cha cherehani, maneno. Bosi alisikiliza akiwa ameshika tama. Alipomaliza, bosi akavuta karatasi zilizokuwa tayari mezani, akaandika mistari miwili kwa kalamu chini ya ukurasa wa mwisho.

"Mdhamini amefurahi mno. Amesema miaka miwili, si mmoja. Utastaafu ukiwa kazini, kwa heshima zako. Masharti ni mawili tu. Lile la masikio usilirudie hewani. Leo limeonekana utani, kesho litaonekana aibu. Na mama awe anakuja. Kila Jumapili, pale kwa Waya. Tutampa kiti kizuri."

"Nina haraka, mwanangu. Nataka kwenda hospitali."

"Dakika moja tu, mzee. Hapa. Na hapa."

Mzee Laini alitazama mistari ile miwili. *Mwenzi wa mtangazaji atahudhuria vipindi vyote na kusaidia inavyohitajika.* Jina la mkewe halikuwepo. Alijua kwamba akiiacha karatasi hiyo mezani ataamka kesho akiwa mtu wa kawaida, mzee asiyesikia, amekaa nyumbani. Akashika kalamu.

&nbsp;

Alifika Jumatatu jioni. Hospitali ilikuwa na ukumbi mrefu uliopakwa rangi ya maziwa, na watu walimjibu maswali yake huku wakitembea, midomo ikienda upande mwingine, ikabidi aulize mara tano. Mkwe wake alikuwa amelala kwenye benchi, viatu miguuni. Mtoto alikuwa hai: msichana, mdogo kama kiganja na nusu, ndani ya sanduku la kioo, mirija puani. Mzee Laini alimwona akifungua mdomo na kuufumba. Hakuuliza kama analia.

Binti alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. Mama yake alikaa kando ya kitanda akimkanda miguu iliyovimba.

"Mwanangu," alisema Mzee Laini.

Binti hakugeuka, lakini shingo yake ilitikisika, alikuwa anasema. Alisema kwa muda. Mzee Laini aliinama, akazunguka, ukuta ukamzuia.

"Anasema nini?" alimwuliza mkewe.

Mkewe hakuinua macho. "Mwulize mwenyewe."

"Sikusikii, mwanangu. Niangalie. Mimi sisikii."

Hilo lilimfanya binti ageuke, taratibu, mkono tumboni kwenye mshono. Uso ulikuwa umevimba, midomo imekauka. Alimtazama baba yake kama mtu anayesoma tangazo la zamani.

"Mama ameniambia leo asubuhi," alisema, na kila neno lilisomeka. "Nilikuwa nasema kwamba nilianza kukupigia wewe. Kabla ya mama. Mara nane. Nikadhani umenichoka."

Mzee Laini akatoa simu yake mfukoni, ile aliyozoea kuiacha kwenye droo ya studio, akaitazama, akairudisha. Hakuwa na sentensi. Aliyezoea kumpa sentensi alikuwa anakanda miguu.

Binti akafumba macho. Mke akamfunika shuka mpaka mabegani, akampa mumewe ishara watoke nje, ukumbini, mbali na kitanda.

"Ulisema hewani," alisema mke. "Niliisikia usiku kwenye basi, waliirudia. Dereva alikuwa amefungua redio. Abiria walicheka."

"Walidhani utani."

"Na bosi?"

"Alikuwa anajua. Tangu mwaka jana. Waya pia. Majibu yalikuwa yameandikwa kwenye skrini."

Mumewe alidhani atapiga kelele, na akatamani apige, hata kama asingezisikia. Lakini aliuliza tu:

"Tangu mwaka jana?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ningekuwa hapa."

"Ndiyo."

Nesi akapita kati yao na sinia la dawa. Walimpisha, kila mmoja upande wake wa ukumbi.

"Wamenipa miaka miwili," alisema mume. Akatoa karatasi kwenye koti, akaikunjua. "Lakini wanataka na wewe uwepo. Kila Jumapili. Wamekuandika hapa chini. Watakupa kiti kizuri."

Mke akaisoma karatasi. Aliisoma hadi chini, mpaka sahihi ya mumewe, iliyokuwa imekaa sawa, bila kutetemeka.

"Umesaini," alisema.

"Nimesaini."

Akamrudishia. Akahakikisha uso wake uko kwenye mwanga wa taa, akatamka pole pole, ili asiombwe kurudia.

"Mimi sijasaini."

Kisha akaingia kwa binti yake, na Mzee Laini akauona mlango ukifungwa.